Watoto wenye magonjwa nadra ya kijenetiki: msisubiri jina la ugonjwa ndipo muanze tiba ya mchezo (uzi mrefu, Lubumbashi)

#1 | Tantine_Kamalondo

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, kazi yangu ni saikolojia ya watoto, na wengi wa watoto ninaowapokea wanakuja na karatasi ya hospitali iliyoandikwa "sindromu ya kijenetiki, uchunguzi unaendelea". Uchunguzi unaendelea, mtoto naye anakua. Wazazi wameambiwa wangoje kwanza ugonjwa ujulikane jina, mengine yatafuata. Nafungua uzi huu kupinga huko kungoja. Daktari na maabara wafanye kazi yao, lakini tiba ya mchezo haihitaji jina la ugonjwa ili ianze, na kila mwezi unaopita bila mchezo ni mwezi ambao mtoto ameishi kama mgonjwa tu.

Tusidhani ni watoto wawili watatu. Ulaya ugonjwa huitwa nadra ukiwa unampata mtu mmoja au pungufu kwa kila 2,000. Lakini magonjwa yenyewe ni maelfu. Uchambuzi wa takwimu za Orphanet, hifadhidata ya kimataifa ya magonjwa nadra, uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba yakijumlishwa yanawagusa kati ya asilimia 3.5 na 5.9 ya watu duniani. Takribani asilimia 72 ya magonjwa hayo chanzo chake ni jeni, na karibu asilimia 70 huanza utotoni. Nchini kwetu wapo wataalamu wa fani hii: Profesa Prosper Lukusa wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, na hapa Lubumbashi Daktari Toni Lubala, ambaye ameandika juu ya X dhaifu (sindromu ya jeni inayochelewesha ukuaji wa akili) kwa watoto wa Kongo. Ila kipimo cha jeni mara nyingi kinadai damu isafirishwe mbali, na si kila familia ina uwezo huo.

Sasa, tiba ya mchezo ni kitu gani? Si kumpa mtoto vitu vya kuchezea ili atulie mama apike. Mwanasaikolojia wa Marekani Virginia Axline aliiwekea misingi miaka ya 1940, akifuata mawazo ya mwanasaikolojia mwenzake Carl Rogers: mtoto anaongoza, mtu mzima anafuata. Mtoto anachagua acheze nini, acheze vipi, aache lini. Mtu mzima hafundishi, hasahihishi, haharakishi. Anatazama kwa makini na kusema anachokiona: "Umemlaza. Umemfunika mpaka kichwani. Hutaki mtu amwone." Mipaka ipo, ila ni michache: hatuumizani, hatujiumizi, hatuvunji vitu makusudi. Mahali ni palepale, siku ileile, saa ileile, vitu vilevile. Kwa kawaida ni dakika 45, na zikibaki tano mtoto anaarifiwa, asishtukizwe.

Fikirieni siku ya mtoto wa namna hii. Anabebwa, anavuliwa, anachomwa sindano, ananyooshwa miguu, anafumbuliwa kinywa, analishwa. Kila mtu ana jambo la kumfanyia na hakuna anayemwuliza. Kwenye mchezo yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa mtoto ambaye mwili wake haumtii na watu wazima hawamsikilizi, hilo si jambo dogo.

Yupo binti mmoja ambaye alikuwa ameanza kutamka maneno machache, kisha yakapotea, na mikono yake ikaanza kusuguana kifuani kama mtu anayenawa, mchana kutwa. Dalili hizo zinafanana na za sindromu ya Rett, ambayo Andreas Rett wa Vienna aliieleza mwaka 1966, na jeni yake, MECP2, ikatambuliwa mwaka 1999 katika maabara ya Huda Zoghbi kule Marekani. Karatasi ya binti huyu bado haina jina. Nilimwekea vitu viwili, kimoja kushoto na kingine kulia: kikombe chekundu cha plastiki, na kopo la maziwa lenye punje za mahindi ndani. Nikanyamaza. Hapo ndipo watu wazima wengi tunaposhindwa: tunauliza, tunangoja kidogo, tunajibu wenyewe. Mtoto huyu anahitaji muda zaidi, maana kati ya kutaka na kuweza kwake kuna safari. Macho yake yalienda kwenye kopo, yakaja kwangu, yakarudi kwenye kopo. Nikasema, "Umechagua kopo." Nikalitikisa. Mikono ikaacha kusuguana. Nikaacha kutikisa, akalitazama tena kopo, nikatikisa tena. Mchezo wenyewe ulikuwa huo tu. Mama yake, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisema hajawahi kuona mtu mzima akimtii mtoto wake.

Nieleweke hapa: jina si sharti, lakini mwili wa mtoto lazima uujue. Kabla ya kuanza namwuliza mzazi: ana kifafa? Amewahi kuvunjika mfupa kwa jambo dogo? Anapaliwa akinywa maji? Anachoka upesi? Kelele zinamtesa? Watoto wenye sindromu ya Angelman, kwa mfano, wengi hupenda maji kupita kiasi na hucheka sana. Beseni la maji kwao ni sherehe, ila wengi wana kifafa, kwa hiyo usimwache na beseni hata kama unaenda kuchukua taulo tu. Wenye sindromu ya Williams hupenda muziki na watu, lakini ngoma ikipigwa karibu inawaumiza masikio. Mwenye Prader-Willi hashibi, hivyo maharagwe na mahindi havichezewi mbele yake wala chakula hakiwi zawadi. Mwenye X dhaifu hukwepa kutazamwa usoni. Keti ubavuni pake, usimkabili.

Mwenye swali aulize, nitajibu nikitoka kazini.

#2 | Papa_Ruashi

Tantine, jambo. Aksanti kwa hii mambo. Miye niko na mutoto mwanaume wa miaka sita. Anaangukaka mara mingi. Wakati anataka kusimama, anaweka mikono ku magoti, kiisha ku mapaja, anapanda pole pole. Miguu yake pale chini, upande wa nyuma, iko mikubwa, bantu banasema huyu iko na nguvu. Ku lopitali balisema ni ugonjwa ya misuli, tungojee. Yeye anapenda mupira tu. Mama yake anamukataza. Tufanye namna gani?

#3 | Tantine_Kamalondo

Papa Ruashi, aksanti kwa kueleza vizuri namna hiyo. Namna anavyosimama kwa kujipandia na mikono, na miguu kuwa minene nyuma, ni mambo ambayo daktari wa watoto anapaswa kuyaona kwa macho yake. Mwombe kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya cha misuli. Si kipimo cha jeni, ni cha kawaida zaidi, na katika ugonjwa wa Duchenne, ule wa jeni unaodhoofisha misuli, hupanda sana, hivyo kinasaidia kujua njia ya kufuata.

Kuhusu mpira: msimnyang'anye, mbadilishieni. Kurukaruka, na kushuka ngazi mara nyingi, vinaumiza misuli ya aina hiyo, na mtoto asichezeshwe mpaka alegee. Akisema amechoka, amechoka, hata kama dakika tano zilizopita alikuwa anacheka. Apige penalti akiwa amekaa kwenye kiti. Muwe na mpira wa mezani wa vifuniko vya chupa. Awe kocha anayepanga timu ya kaka zake. Kuogelea mahali salama, mtu akimshika, kunafaa sana.

Lakini hiyo bado ni michezo. Tiba ya mchezo ni saa nyingine, ambayo anaruhusiwa pia kukasirika kwamba wenzake wanakimbia. Kama gari lake la waya analigongesha ukutani tena na tena, usimwambie "cheza vizuri". Mwambie, "Linagonga kwa nguvu. Lina hasira leo." Basi, halafu ngoja.

#4 | Msafiri_wa_Ziwa

Dada, heshima yako. Mimi niko Mwanza. Uzi mzuri ila naomba nipinge kidogo. Mzazi ana hela ya dawa ya kifafa ya mwezi huu tu, wewe unamwambia mambo ya wanasesere. Jeni haibadiliki kwa kucheza. Wenzetu wana pesa na wakati, sisi tuangalie kipaumbele. Kuna ushahidi wowote au ni maneno ya semina?

#5 | Tantine_Kamalondo

Kaka, dawa ya kifafa inatangulia, hilo halina mjadala. Na jeni haibadiliki kwa mchezo, umesema kweli. Ukikutana na mtu anayeahidi kuponya sindromu kwa mchezo, mchukue mtoto wako uondoke. Kinachotibiwa ni woga, hasira, upweke, kukata tamaa, na ile vita ya kila mara mtoto anapopelekwa hospitali.

Ushahidi upo. Mwaka 2005 Sue Bratton na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti 93 za tiba ya mchezo, za watoto wenye matatizo ya hisia na tabia. Waliona watoto waliopata tiba hiyo wamepata nafuu kubwa kuliko ambao hawakuipata, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale wazazi wenyewe walipofundishwa kuiendesha. Soma tena hapo kwa wazazi, kwa sababu ndipo lilipo jibu la hela. Njia hiyo ya kuwafundisha wazazi ilianzishwa na Bernard na Louise Guerney huko Marekani miaka ya 1960. Mzazi anafundishwa, anasimamiwa, kisha nyumbani anatenga dakika 30 kwa wiki. Dakika 30, simu imezimwa, vitu vichache kwenye kikapu. Huyo mzazi wa dawa ya mwezi huu anaweza.

#6 | Mama_wa_Bel_Air

Nataka kumjibu kaka wa Mwanza kwa yaliyotokea nyumbani kwangu.

Binti yangu mifupa yake inavunjika kwa kitu kidogo, na sehemu nyeupe ya macho yake ina rangi ya buluu. Kabla hatujaambiwa kwamba ni osteojenesisi imperfekta, kuna hospitali moja ambapo niliulizwa mbele ya foleni nzima ni nani nyumbani anayempiga mtoto. Sitaitaja. Baada ya hapo mtoto akiona koti jeupe analia mpaka anatapika.

Tantine alimpa mwanasesere wa kitambaa, bendeji, na sirinji isiyo na sindano. Mwanzoni kila tukienda alikuwa anamvunja mwanasesere mkono, anamfunga, anamfungua, anamvunja tena. Mimi roho iliniuma, nikataka kumwambia amwonee huruma. Nikaombwa nikae kimya. Siku moja akamwambia mwanasesere: "Lia. Ukimaliza kulia nitakufunga." Akamngoja. Akamwekea sikio kifuani kusikia kama amemaliza. Ndipo akamfunga.

Tuliporudi kupiga picha ya mguu alimwambia yule fundi wa picha: "Ningoje nilie kwanza." Fundi, Mungu ambariki, alingoja. Mtoto akalia, akamaliza, akautoa mguu mwenyewe. Hakukuwa na watu wanne wa kumshikilia kama zamani. Na mguu ambao haukushikiliwa kwa nguvu haukuvunjika pale mezani. Kaka, niambie hiyo ni anasa.

#7 | Msafiri_wa_Ziwa

Mama, nimenyamaza. Pole sana, na hongera kwa binti. Naendelea kufuatilia uzi.

#8 | Tantine_Kamalondo

Mama wa Bel Air, aksanti. Niongeze kwa wenye watoto wa mifupa dhaifu: usimnyanyue kwa kumshika makwapani, usimvute mkono, na ukimbadilisha nepi usimwinue miguu kwa vifundo. Pitisha kiganja kilichotanuka chini ya makalio na kingine chini ya kichwa na mabega. Wafundisheni na kaka zake, na bibi, na yaya. Kwenye mchezo vitu viwe vyepesi, na yeye ndiye asogee kufuata kitu, asivutwe.

#9 | Kine_Bukavu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na napenda mjue kwamba sisi pia tunacheza. Mtoto havuki kamba kwa sababu nimemwamuru, anavuka kwa sababu upande wa pili kuna sungura. Sipendi mzazi asome uzi huu aone kwamba mazoezi ni mateso na mchezo ni kwa tantine peke yake. Kwa mtoto ambaye viungo vinakakamaa, akiacha kunyooshwa miezi sita kwa sababu "hataki", gharama yake ni kubwa. Walio huku Bukavu ulizieni pia kituo cha Heri Kwetu, ni cha siku nyingi kwa watu wenye ulemavu.

#10 | Tantine_Kamalondo

Kaka wa Bukavu, nakubaliana nawe: mazoezi yasiachwe. Ninachoomba ni saa mbili tofauti. Kwenye saa yako wewe una lengo, goti lipinde mpaka hapa, na sungura anakusaidia kulifikia. Ni kazi nzuri na watoto wako wana bahati. Kwenye saa yangu sina lengo la goti. Akitaka kumtupa sungura chini ya meza dakika zote, tutamtupa. Shida inaanza pale kila mchezo wa mtoto unapokuwa na ajenda ya mtu mzima ndani yake: rangi ili ajifunze rangi, mchanga ili vidole vifanye kazi, wimbo ili aongee. Mtoto anaigundua ajenda hiyo mapema kuliko tunavyodhani, na akishaigundua anaacha kucheza na wewe. Basi iwepo nusu saa moja katika wiki ambayo haina ajenda. Nyingine zote ni zako, na za mwalimu.

#11 | Mulushois_halisi

Tantine, swali ambalo kila mtu hapa mjini anauliza chinichini. Haya magonjwa si ya madini? Mimi baba yangu alifanya kazi kiwandani, mimi nafanya kazi mgodini, mtoto wangu amezaliwa na matatizo. Mke wangu ananiangalia kwa jicho ambalo silipendi.

#12 | Tantine_Kamalondo

Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2020 utafiti uliofanywa hapa mjini: walilinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za viungo na wale waliozaliwa bila kasoro, wakaona kwamba baba kuwa na kazi inayohusu madini kunaambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa kasoro hizo. Kwa hiyo hofu yako si ya kijinga, na kampuni zinapaswa kuulizwa maswali.

Lakini kasoro ya kuzaliwa na ugonjwa wa jeni fulani si lazima viwe kitu kimoja. Rett, kwa mfano, karibu mara zote inatokana na badiliko lililotokea upya kabisa, wazazi wote wawili hawanalo. Angelman mara nyingi ni kipande cha kromosomu ya 15 kilichopotea bila mtu kukosea lolote. Mwulizeni daktari kuhusu mtoto wenu huyu, msihukumiane kwa habari za mtaani.

Na kwa kuwa umetaja madini: udongo wa kuchezea. Watoto wetu wanapenda kufinyanga, na udongo wa kichuguu unafinyangika vizuri sana. Uchimbeni mbali na mabaki ya migodi, mbali na viwanda vya kuyeyushia, mbali na barabara za malori ya mawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kobalti nyingi katika mikojo ya wakazi wa Katanga waliokuwa karibu na shughuli hizo, watoto wakiwemo, na mtoto anayetia kila kitu mdomoni yuko hatarini zaidi. Kama huna hakika na udongo, tumia unga wa ngano, chumvi na maji kidogo. Mikono ioshwe baadaye.

#13 | Yaya_Katuba

Kwetu bibi amesema mtoto si wa kawaida, apelekwe kwa mchungaji akatolewe uchawi. Mutoto haongei, anacheka usiku peke yake. Dada yangu anaogopa kumkatalia mama mkwe wake. Wamesema afunge kula siku tatu, mutoto wa miaka mine!

#14 | Tantine_Kamalondo

Yaya, hili lisingoje. Mtoto wa miaka minne hafungishwi kula. Kama ana kifafa na anameza dawa, kumnyima chakula na dawa kunaweza kumwua. Kucheka usiku na kulala kidogo ni miongoni mwa dalili za magonjwa yanayojulikana. Angelman niliyoitaja ni mojawapo. Aonwe na daktari wa watoto wiki hii.

Dada yako ajue pia kwamba sheria iko upande wake. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto imefanya kumsingizia mtoto uchawi kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo. Sisemi akaanze kwa polisi na mama mkwe wake. Aanze kwa kumkalisha bibi pembeni ya mtoto. Nimeona hili likifanya kazi: bibi anaambiwa aketi tu, asimguse wala kumwita, aige kile mtoto anachokifanya. Mtoto akigonga kikombe mara mbili, bibi agonge mara mbili. Baada ya muda mtoto anageuka kumtazama nani huyo anayejibu. Bibi aliyetazamwa hivyo na mjukuu wake ni vigumu kumwambia tena kwamba huyu si mtu. Ila kwanza daktari. Niandikie faragha kama mnahitaji mtu wa kuwasindikiza.

#15 | Yaya_Katuba

Aksanti tantine. Nimekuandikia.

#16 | Mama_Goma

Niko Goma. Tunaishi watu wengi chumba kimoja, nje ni mawe ya volkano, mtoto akianguka anachanika. Mtoto wangu ni albino na haoni mbali. Sina chumba cha mchezo wala vitu. Tuanzie wapi?

#17 | Tantine_Kamalondo

Mama Goma, poleni na yote yanayowapata huko. Chumba si lazima. Tandika mkeka au kitenge kimoja, kilekile kila mara, na hapo panakuwa chumba. Watu wengine wa nyumbani waombwe wasivuke kitenge kwa nusu saa hiyo. Jua la huko juu ni kali kwa ngozi yake, kwa hiyo iwe kivulini au asubuhi sana, mwanga utokee nyuma yake usimchome machoni. Kwa kuwa haoni mbali, vitu viwe vikubwa, vya rangi kali, juu ya kitambaa cha rangi tofauti. Na mwache avisogeze karibu na uso anavyotaka. Usimwambie "usiangalie karibu hivyo", ndivyo anavyoona.

Vitu vikae kwenye boksi moja, na boksi lifunguliwe saa hiyo tu. Mwanasesere wa matambara, ikiwezekana wawili, mmoja mkubwa mmoja mdogo. Vikombe viwili. Bendeji iliyofuliwa. Kipande cha kitambaa cha kujifichia, hicho usikiache, maana watoto waliopitia mengi wanacheza sana kujificha na kupatikana. Kamba fupi. Karatasi na kalamu za rangi kama zipo. Na kwenu Goma mna kitu ambacho sisi hatuna: fundi yeyote anayechonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, atakukatia kadogo kwa mabaki ya mbao. Mtoto aliyehama na mizigo kichwani akipewa chukudu cha kubebea mizigo yake mwenyewe, utaona anachopakia. Usimwulize kwa nini amepakia kile na kuacha hiki. Sema tu, "Umepakia sufuria. Umemwacha huyu." Ngoja.

#18 | Mwalimu_Kampemba

Nina swali gumu. Mwanafunzi wangu, ugonjwa wake unazidi kila mwaka. Alikuwa anatembea, sasa amebebwa. Anaelewa kila kitu. Siku hizi anachora makaburi, na anawazika wanasesere wa wadogo zake. Mama yake anamnyang'anya, anasema anajitabiria. Nimshauri nini?

#19 | Tantine_Kamalondo

Mwalimu, mshauri asimnyang'anye. Mtoto huyo hajitabirii. Anafikiri, na mchezo ndio mahali pake pa kufikiria. Anauona mwili wake unavyopungua, na anaona watu wazima wanavyobadilisha mazungumzo akiingia. Akinyang'anywa kaburi la udongo, hofu inabaki palepale, ila sasa atakuwa nayo peke yake.

Mtu anayemwamini akae naye anapozika. Afuate maelekezo yake: nani alie, nani achimbe, wimbo gani uimbwe. Mara nyingi baada ya kuzika mtoto huamua kitu, mwanasesere anafufuka, au anapewa chakula, au mwenzake anabaki kulinda. Usimtangulie kwenye uamuzi huo, usimharakishe kufufua kwa sababu wewe huwezi kuvumilia. Na akiuliza waziwazi, "Na mimi nitakufa?", asidanganywe. Amjibu kwanza kwa kuuliza anawaza nini, kisha amwambie kweli kwa kiasi alichouliza, na amwambie nani atakuwa pamoja naye. Watoto wengi wanaogopa kuachwa peke yao, na hilo la kutoachwa tunaweza kuwaahidi na kulitimiza.

Mama naye anahitaji mtu. Haiwezekani kukaa kwenye mchezo huo ukiwa na moyo wako haujasikilizwa. Kama shuleni kuna mama mwenzake aliyepitia hayo, wakutanishe kabla hujampa ushauri wowote.

#20 | Mwalimu_Kampemba

Nimesoma mara nyingi. Asante sana mama. Kuna mama mmoja darasa la tano, nitazungumza naye kesho.

#21 | Papa_Ruashi

Tantine, moja ya mwisho. Kaka yake mukubwa iko na miaka tisa. Tangu tulianza ile nusu saa na mudogo, huyu mukubwa anasema tunamupenda mugonjwa tu. Jana alificha gari ya waya ya mudogo ku paa.

#22 | Tantine_Kamalondo

Papa Ruashi, mpe na yeye nusu saa yake. Siku nyingine, boksi lake mwenyewe, mlango umefungwa, mdogo asiingie. Kama wewe unacheza na mdogo, mama acheze na mkubwa, halafu mbadilishane baada ya muda. Gari alilificha, alirudishe, huo ni mpaka na mpaka unabaki. Lakini usimpe hotuba ya kwamba mdogo wake ni mgonjwa. Hilo analijua kuliko sisi, kila siku anaona nani anabebwa na nani anatumwa maji. Mwambie tu siku yake ni ipi, na msiikose hata mvua ikinyesha. Na matokeo ya CK yakitoka, niandikie.